Sauti ya Shangazi na Chumba cha Viti Vibovu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Bwana Stoo, mtunza funguo wa jengo hili. Mganga wa zahanati yetu. Wazazi na majirani: sisi vijana wa Kikundi cha Vidole, watengenezaji wa programu za simu, tunawasalimu kwa heshima. Tuliambiwa risala isizidi ukurasa mmoja. Haijazidi, tumepunguza ukubwa wa herufi, ndiyo maana msomaji wenu ameinama hivi.

UKARIBISHO

Mheshimiwa, mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi leo tumekuja kupona. Kiti ulichokalia tulikikuta humu kikiwa na miguu mitatu. Tumekiongezea wa nne kwa mikono yetu wenyewe. Tunaomba tu usiegemee sana upande wa kushoto.

HISTORIA

Tulianza kwa kukutana ngazini, kwa sababu hapo ndipo mtandao unapokamata. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi tukajiita Vidole. Baadaye ofisi yako ikaturuhusu kutumia chumba hiki, wakati huo kikiwa stoo ya viti vibovu. Barua ilisema tukitumie "kwa muda". Maneno hayo mawili yametukosesha usingizi kuliko hesabu zote za kompyuta.

MAFANIKIO

Programu unayoizindua leo inaitwa Zamu. Mgonjwa hushika zamu ya zahanati akiwa nyumbani kwake. Simu humuuliza anaumwa yeye au analeta mtoto, naye hujibu kwa kubonyeza. Asiyejua kusoma hapitwi na kitu, maana simu inaongea.

Sauti ni ya shangazi yake mwenyekiti wetu, ambaye majirani wote mnamfahamu kwa kupanga foleni ya bombani. Katika majaribio tulianza na sauti ya mwenyekiti mwenyewe, watu wakaipuuza. Ilipoingia ya shangazi, watu wakaanza kufika kwa wakati. Mzee mmoja jirani yetu, anayemzidi shangazi umri kwa mbali, huijibu simu "naam" na kuvua kofia. Na mama mmoja, aliyezoea kwenda alfajiri kusimama mlango wa zahanati na mtoto mgonjwa mgongoni, alituambia siku hizi mtoto husubiri zamu akiwa amelala kitandani. Tulifurahi sana, Mheshimiwa.

CHANGAMOTO

Kompyuta yetu ni ya kizee. Betri yake ilikwisha kufa, inaishi kwa umeme wa ukutani tu, na ukuta wenyewe una tundu moja la umeme.

Changamoto ya pili inahitaji utulivu wako. Shangazi alipokuwa akirekodi maneno mapya ya ukaribisho kwa ajili ya uzinduzi huu, Bwana Stoo aligonga mlango kuuliza tunahama lini ili arudishe viti. Shangazi alimjibu palepale, simu ikiwa mdomoni, kisha akaendelea na ukaribisho wake. Fundi wetu wa sauti aliyakata maneno yale vizuri sana. Akawa na rekodi mbili, moja ameiita "ya mwisho" na nyingine "ya mwisho kabisa". Kompyuta ilikuwa imejaa, ikabidi afute moja. Alifuta ile iliyokatwa.

Tumegundua asubuhi hii wakati turubai linafungwa. Tulimwomba shangazi arudie. Akasema, "Mimi si kaseti, mnirudishe nyuma. Nilichosema nimesema." Tukakimbilia kompyuta tuyakate upya, tukakuta tundu la umeme limechukuliwa na kipaza sauti hiki tunachosomea.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba yale maneno "kwa muda" yafutwe. Tunasikia kwamba unaamua leo. Tukitoka humu tunarudi ngazini, na Zamu haitunziki ngazini. Programu ina tabia za mtoto mchanga. Ukiiacha wiki bila kuiangalia, utakuta imekwisha pata ugonjwa wake. Na ikisimama, yule mama atarudi kusimama mlangoni alfajiri. Viti tuko tayari kuvitengeneza vyote, na Bwana Stoo ni shahidi kwamba mpaka sasa hujaanguka.

Pili, tundu la pili la umeme.

Tatu, na hili ni la sasa hivi. Ukibonyeza kitufe cha uzinduzi kwenye simu, utasikia sauti ikisema: "Mwambie Mkurugenzi wako chumba hakitoki. Hivyo viti vibovu akaviweke sebuleni kwake." Tumeona adabu ni uyasikie maneno hayo kwetu kwanza. Shangazi mwenyewe ameketi safu ya pili, na kama unavyomwona, hajakanusha.

Tunakusihi, Mheshimiwa, usiishie hapo. Programu tumeitengeneza hivi: ukiondoa kidole, sauti inakatika. Basi usikiondoe. Shangazi atavuta pumzi, na utakuwa mtu wa kwanza kuambiwa yale atakayoambiwa kila mgonjwa baada yako: "Karibu, mwanangu. Zamu yako imefika. Hapa hafukuzwi mtu."

Mungu akupe afya usiihitaji programu yetu, na akikujaalia homa, akujaalie na zamu ya mbele.

Ni sisi,
Kikundi cha Vidole,
Chumba cha Viti Vibovu,
kwa muda.