Bi. Nadhira na Ng'ombe Waliokula Minji

Imeandikwa na Winfred Kagendo kwa niaba ya wafanyakazi wenzake

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kupatanisha watu, Bi. Nadhira Mahmood, mratibu wa mazungumzo katika shirika letu la Tuelewane, anastaafu tarehe 30 Juni. Wakurugenzi watano wamekuja na kuondoka, naye akiwapokea kwa chai na kuwaaga kwa chai. Sasa ni zamu yake kuagwa, na tayari amelalamika kwamba keki tuliyoagiza ni ndogo.

Bi. Nadhira, anayejulikana zaidi kama Mama Asmaa kuanzia Nkubu hadi Embu, alizaliwa Meru mjini, binti wa mwenye buchari, duka la nyama. Alianza kwetu kama mkalimani, kwa sababu anazungumza Kimeru, Kiborana na Kiswahili, mara nyingi vyote katika sentensi moja na vyote kwa sauti ya juu. Haukupita muda ikagundulika kwamba hakuwa akitafsiri. Alikuwa akisema aliyoona yanafaa kusemwa. Badala ya kufutwa kazi, akapewa mazungumzo yenyewe ayaongoze.

Hatusemi hana kasoro. "Nakuja dakika mbili" yake imewahi kumeza mchana mzima. Simu huzipokea kwa spika, hata ya daktari. Na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuondoka ofisi yetu ya Kaaga kabla hajala.

Tutakalomkumbukia zaidi lilitokea mwaka mmoja wa kiangazi kikali, siku ambayo wafadhili walikuwa wametutembelea. Chakula hakijapakuliwa, simu ikaingia: wakulima wa upande wa juu wa Kiirua walikuwa wamekamata ng'ombe walioingia mashamba yao ya minji, yaani njegere, wakawafungia kwenye boma, na vijana wa wafugaji walikuwa njiani na marungu. Mkurugenzi wa wakati huo alitaka wageni wapelekwe hotelini kwanza. Lakini gari lilikuwa moja. Bi. Nadhira akapanda kiti cha mbele, akawaambia wageni wasongeane huko nyuma, wakaenda wote.

Walikuta pande mbili zikitazamana, mawe mkononi. Bi. Nadhira hakutoa hotuba. Alisikia ng'ombe wakilia. Walikuwa hawajakamwa tangu jana yake, viwele vimevimba.

"Hawa wanajua mpaka wa shamba ni nini?" aliwauliza wakulima. "Wacheni wakamwe kwanza, halafu mtapigana mkitaka."

Mzee Bundi, aliyepoteza shamba lake lote la minji, alisogea hadi kwenye boma. Akafungua lango. "Wamama waingie," akasema. "Vijana wabaki huko nje."

Wanawake wa wafugaji wakaingia. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko mikono, basi mke wa Mzee Bundi akaleta sufuria yake, akachuchumaa, akamkama ng'ombe aliyekula minji yake. Majirani zake wakamfuata. Mgeni mmoja, bwana mrefu aliyekuja kukagua miradi, alipewa mkia ashike. Akapigwa teke akaketi kwenye samadi, na kila mtu akacheka, hata wenye marungu. Na Bi. Nadhira? Alipoitwa asaidie, alirudi nyuma. "Mimi ni mtoto wa buchari," alisema. "Ng'ombe namjua akiwa kwa mizani."

Maziwa yakapikwa chai, watu wakakaa chini, na kabla ya giza wakapatana: mavuno yakiisha mifugo itapewa mabua, na mvua ikija wafugaji watasaidia kulipanda upya shamba la Mzee Bundi. Walilipanda. Si kila mwaka umekuwa shwari tangu hapo, lakini kule hakuna aliyezikwa kwa sababu ya minji.

Nafasi yake inachukuliwa na Bw. Njeru kutoka ofisi ya Embu, ambaye hufika kwa wakati, jambo ambalo itabidi tulizoee. Wiki iliyopita Bi. Nadhira alimpeleka Kiirua kumtambulisha. Mzee Bundi alimsalimia Njeru kwa heshima, kisha akamgeukia mgeni wake wa zamani. "Mama Asmaa, sisi ulituuliza lini kama unaweza kustaafu?"

Njia yote hadi Kaaga, Bi. Nadhira alipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Alituambia ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Asante sana, Mama Asmaa. Nenda ukapumzike na wajukuu, Mungu akupe afya, maisha mema na wageni wanaokula wakashiba.