Sauti ya Mama Katika Albamu ya Ngowa

Mama, wazee wetu, majirani wa Msabaha, na nyinyi mliotoka Watamu na Muyeye, mimi ni Kahindi, kaka mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma na nitaisoma yote, ila kwanza zimeni simu zenu, maana nyumba hii imechoka kurekodiwa.

Marehemu Ngowa Mwambire alizaliwa hapa Msabaha tarehe 14 Machi 1985, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwambire Ngala na Mama Kahonzi, akasoma shule ya msingi ya hapa kijijini, akaendelea na sekondari mjini Malindi, akamaliza mwaka 2003 kwa alama ambazo baba alizitazama mara moja akazirudisha kwenye bahasha.

Mwaka 2008, yeye na Zaid na Kioko, ambao nawaona pale wamevaa miwani ya jua ndani ya hema, walianzisha bendi ya roki, Radi Kavu, wakawa wanapiga magitaa ya umeme katika hoteli za Watamu, kelele tupu, lakini kelele zao wenyewe. Alifunga ndoa na Purity tarehe 6 Aprili 2013, wakajaliwa binti mmoja, Kadzo.

Baba alifariki tarehe 2 Agosti 2019. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kifudu katika vijiji hivi, aliwaongoza wanawake kumwimbia mumewe, na kifudu hakiimbwi ila msibani, mtoto yeyote wa kwetu anajua, lakini Ngowa alijikunyata nyuma ya mama na kinasa sauti chini ya shuka, sisi tukadhani analia. Mwaka 2021 ikatoka albamu ya nne na ya mwisho ya Radi Kavu, magitaa yamenyamazishwa, ngoma chache, na sauti ya mama mwanzo hadi mwisho. Redio zikasema bendi imekomaa. Jirani anayefanya kazi hotelini akaja kumwambia mama kwamba amemsikia akimlilia mumewe huku watalii wakimenya kamba. Jamani! Tangu siku hiyo mama hajaimba katika msiba wa mtu yeyote, na wanawake wa vijiji vyote wakamkataza Ngowa kukanyaga matangani kwao, na kwa kuwa huo muziki wake mpya haukuwa na pengine pa kuchotwa ila misibani, bendi ikafa kabla yake.

Aliugua figo kuanzia Februari 2024, akatibiwa Malindi, mama akampikia uji, akamwogesha, akamgeuza kitandani, na kila alipoomba radhi mama alimuuliza kama uji una sukari ya kutosha. Alifariki tarehe 11 Mei 2025, akiwa ameacha ombi moja tu, kwamba mama amwimbie kifudu kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika, na wenzake wa bendi, waliokuja na spika bila kuombwa. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba spika hizo zirudishwe garini, lakini asubuhi mama aliniambia nifute. Amesema yeye haimbi. Amesema Ngowa aliichukua sauti yake na hakuirudisha, basi apigiwe hiyo hiyo.

Haya Zaid, washa, na ongeza sauti, mama mwenyewe hajawahi kuisikia. Ngowa, ndugu yangu, pumzika kwa amani.