Mama Birika Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mhudumu wa kanisa letu, ambaye wakubwa kwa wadogo tunamwita Mama Birika, anastaafu rasmi. Neno "rasmi" nimeliweka kwa makusudi. Amekwisha kuagwa mara mbili, kwa hotuba na keki, na mara zote mbili Jumatatu asubuhi alikutwa mbele ya madhabahu na ndoo na tambara, anapiga deki kana kwamba aliyeagwa jana yake ni mtu mwingine.

Wasifu huu nimepewa mimi, katibu wa usharika, kwa kuwa ofisi yangu imepakana na stoo yake. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya nikiwa nimeinua miguu ili apitishe ufagio.

Alikuja akiwa msichana mwembamba, akaajiriwa kufagia kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Mtu huyo hajapatikana hadi leo. Tukawa tunambandika kazi moja baada ya nyingine: kengele, mishumaa, vitambaa vya madhabahu, spika inayokoroma. Kila tulichomtwisha alijibu "haya", na akishasema haya unaweza kwenda kulala. Wachungaji wamekuja na kuhamishwa, na wote ni yeye aliyewaonyesha swichi ya taa ilipo. Jumapili iliyofuata mazishi ya mumewe tulimkuta amekwisha kupanga viti, macho yamevimba. Aliyethubutu kumwambia akapumzike alikabidhiwa ufagio.

Jina la Birika lina kisa chake. Zamani watoto wetu walibatizwa kwa maji ya bomba, ya baridi, na vilio vyao vilisikika hadi barabarani. Mama aliona huo ni uonevu mtupu. Akaanza kupasha maji moto kwenye birika, anayapima kwa kiwiko kama anayeogesha kichanga, kisha anayamimina kwenye bakuli la ubatizo. Shida ni kwamba wazee wa kanisa hunywa chai baada ya ibada, na birika zetu ni mbili, pacha. Jumapili moja chai iliandaliwa mapema mno ikapoa, kiwiko kikaipitisha, maana kiwiko hakina macho, na bakuli letu la shaba likaificha rangi. Mchungaji wa wakati huo alikuwa amekwisha kumwagia mtoto kichwani ndipo akakiona kitambaa cheupe kimegeuka kahawia.

Mtoto hakulia. Alilamba midomo, akaachama tena asubiri nyingine. Bibi yake mzaa mama alisimama akataka kujua kama mjukuu amebatizwa au amekaribishwa chai. Yakaletwa maji, ubatizo ukaanza upya, na safari hii mtoto alilia kisawasawa. Wazee nao, kikao kilipoanza, walimiminiwa vikombe vya maji ya uvuguvugu, wakayanywa kwa heshima bila kuuliza.

Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Aliingia ofisini akasema aliyemfanyia Mungu mzaha hafai kuhudumu nyumbani mwake, na kwamba anaondoka. Mchungaji alimjibu kuwa katika makanisa yote aliyotumika, yeye ndiye mtu wa kwanza kukumbuka kwamba mtoto anayeletwa kwa Mungu naye anasikia baridi. Akarudi kazini, na pacha mmoja, birika ya maji, akafungwa utepe mwekundu.

Mwaka huu daktari amempiga marufuku kupiga magoti sakafuni. Tukamwita ofisini tumbembeleze astaafu kweli, tukitegemea ugomvi. Badala yake alilia. Alisema tangu aajiriwe hajawahi kukaa akasikiliza mahubiri mwanzo hadi mwisho. Wengine wakisali, yeye yuko mlangoni, au bombani, au anazima spika. Mungu anamjua kwa mikono yake. Sasa akienda mbele zake mikono mitupu, je, atamtambua?

Mchungaji wetu wa sasa alimwomba jambo moja tu: Jumapili aje akae kiti cha mbele, na binti yake, bila tambara. Kwake ilikuwa adhabu. Wimbo wa kwanza aliutumia kufuta kiti vumbi kwa upindo wa gauni. Kwenye sala aliinuka kwenda kurekebisha kipaza sauti, binti yake akamvuta gauni. Mahubiri yalipoanza alikaa wima kama yuko kwa mpiga picha. Kisha kichwa kikaanza kushuka kidogokidogo, kikatua begani kwa binti yake, na Mama Birika akalala fofofo mbele ya usharika mzima.

Mchungaji alimwona. Alishusha sauti, akaishusha tena, na baraka ya mwisho akaitoa kwa mnong'ono, hata sisi wa nyuma tukajua tumebarikiwa kwa kuona mkono umeinuka. Kengele haikupigwa. Tulitoka tukinyata, akina mama viatu mkononi, na wazee, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, wakapanga viti wenyewe nje ya utaratibu wowote unaojulikana.

Alipoamka, binti yake alimuuliza amesikia nini. Alisema hakusikia hata neno moja, ila alikuwa nyumbani kwa Baba yake na hakuna aliyemtuma.

Mama, asante kwa kila "haya" uliyotuitikia. Mungu akupe afya, magoti mapya, na miaka mingi ya kukaa kitako. Kiti cha mbele ni chako, uje tu. Ukisinzia, tutashusha sauti.