Mawe ya Wapagazi

Treni ya kutoka Kaliua ilikuwa inakaribia Tabora, na Tunu alijifanya amesinzia ili asipitwe na neno. Mbele yake, Magreth, mama mwenye nyumba ya wageni kijijini, alikuwa akimlalamikia abiria wa pembeni yake, Abdulatifu, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora. "Wageni wakishaona tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale ya udongo, na miembe ya njia ya misafara, wananiuliza, kingine kiko wapi? Nami nina msitu na nyuki tu!"

"Wapeleke kwenye rundo la mawe," alisema Abdulatifu. "Babu yangu alilitaja sana. Kila mpagazi aliyepita pale alitupa jiwe, akiomba kurudi salama. Liko njia panda, ukishavuka kijito chenu."

Magreth alijifunga kanga upya. "Mawe yale, mzee, ndiyo msingi wa nyumba yangu."

Tunu alisahau kwamba amelala, akacheka.

"Kumbe wageni wako wanalalia dua za watu!" alisema Abdulatifu.

"Ndiyo maana wanalala vizuri. Wala sibomoi."

"Usibomoe, mama. Lakini rundo ni haki ya njia panda."

Walibishana hivyo kwa raha zao mpaka treni iliposimama. Abdulatifu alitangulia kushuka, akampokea Magreth kikapu, kisha akaokota jiwe kando ya reli. "Basi anza upya na hili."

Magreth aliligeuzageuza, akamrudishia. "Jiwe hutupwa na msafiri mwenyewe, mzee. Njoo nalo. Vyumba vipo."