Kumuaga Rukaiya, Mpambaji Anayekwenda Kusomea Meno

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha wetu, uliyeacha shughuli zako alasiri hii kwa ajili yetu. Mwalimu Mjaka, uliyemfundisha mtu mzima kemia na bado una nywele kichwani. Mama mzazi wa Rukaiya. Bwana Muhiddin, mume wa msafiri. Wageni waalikwa na majirani zangu wa Jang'ombe. Na nyinyi wapambaji wenzangu wa maharusi, ambao nyote mmechelewa kama kawaida yenu: karibuni, na Mwenyezi Mungu akulipeni kheri.

Ni nyumba ipi mtaani kwetu iliyoozesha binti bila ya Rukaiya kumtia hina na wanja? Kesho kutwa anapanda boti kwenda Dar es Salaam kusomea udaktari wa meno, naye ana miaka thalathini na minane na watoto wawili. Nimesikia watu wanaulizana barazani: kimemsibu nini mtu huyu, kazi anayo, jina analo? Basi leo ntakwambieni, maana mimi Mwanakheir ndiye niliyempokea katika kazi hii, na siku ilipoanza habari yenyewe nilikuwepo.

Miaka mitano nyuma tulikwenda Matemwe kupamba. Ada yetu mnaijua: bi harusi hacheki, hasemi, hatazami watu, na anavyozidi kunyamaza ndivyo anavyozidi kusifiwa. Huyo wa Matemwe alipotolewa ukumbini alitushinda sote. Uso chini, ncha ya ushungi mdomoni, hata maji aliyakataa. Wanawake wakasema, "Mashallah, mtoto ana haya huyu! Kalelewa!" Mama mkwe akatokwa na machozi ya furaha, na mimi nikapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.

Rukaiya akapanda jukwaani kumrekebisha poda. Kumgusa shavu, akalikuta lina moto kama mkate wa kumimina uliotoka sasa hivi jikoni. Akamnong'oneza, "Mwanangu, panakuuma wapi?" Mtoto wa watu akaanza kulia. Jino lilikuwa limemfura tangu jana yake, na hakuthubutu kumwambia mtu, kwani bi harusi atasemaje? Kungwi wake akaja juu: "Mwache! Haya tu hizo, usitutilie nuksi kwenye shughuli." Rukaiya akamjibu ukumbi mzima unasikia: "Bibi, tangu lini haya ikamvimbisha mtu shavu?"

Ndugu zangu, shughuli ilisimama. Tulimchukua bi harusi na hina yake na dhahabu zake tukamleta mjini hospitali, na daktari alipomaliza kumtoa usaha na jino akatwambia kwamba uvimbe ule ungeshuka shingoni, tungezungumza mengine. Fikirini hilo. Ukumbi umejaa mama, shangazi na makungwi, sote tunaujua uso wa mwanamke kuliko tunavyojijua wenyewe, na sote tulikuwa tunayasifu maumivu ya mtoto tukidhani ni adabu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Rukaiya akanambia, "Bi Mwanakheir, nataka kuisomea kazi ile ya yule daktari." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia, "Wewe? Shule uliishia Kidato cha Nne, na hata hicho umeshakisahau!" Akasema, "Siku zote nnakaa mbele ya uso wa mtu mwenye hofu. Kumtuliza najua. Lililobaki ntafundishwa."

Na alifundishwa, si masihara. Siku ya kwanza alipoingia darasani kwa Mwalimu Mjaka, watoto walisimama wote: "Shikamoo mwalimu!" Akaitikia marahaba, akaenda kukaa nyuma. Bwana Muhiddin akaingia jikoni, na wali wake, tuseme ukweli, upande mmoja ulikuwa unaiva. Rukaiya akafanya mtihani wa Kidato cha Sita, akafaulu, akaomba chuo, akakataliwa. Alikuja kulia kwangu akisingizia vitunguu, na mimi siku hiyo nilikuwa napika chai. Akaomba tena, na mwaka huu wamemkubali. Nilipopata habari nilikaa chini nikalia kwa furaha, tena bila ya kusingizia kitu.

Sasa sikilizeni hili, na wewe Rukaiya usiinamishe uso, leo si harusi yako. Wiki iliyopita ulinijia ukanambia moyo umekurudi nyuma. Ukasema labda usubiri harusi za kabla ya Ramadhani zimalizike, chuo utaomba tena mwakani. Nilipokukatalia, ukasema, "Basi niwekee maharusi wangu, ili nikishindwa huko nipate pa kurejea." Sikukujibu. Ulidhani nimekubali.

Jawabu lako nakupa leo mbele ya Sheha na mbele ya mama yako. Maharusi wako wote nimempa Saadiya, yule pale mlangoni, na sanduku lako la poda nimempa yeye. Leo asubuhi amepamba Kizimkazi na watu wamemsifu sana, na mimi nimefurahi, ingawa najua imekuchoma kidogo. Ikuchome. Ukifeli mtihani, urudie. Ukichoka, njoo kwangu ulale, ule, ulie mpaka ushibe, kisha nikusindikize mwenyewe bandarini. Kitanda kwangu unacho, chakula unacho, mama wa pili unaye. Kazi ya kupamba, mwanangu, huna tena.

Mheshimiwa Sheha, ndugu wageni, nakushukuruni kwa kuja na kwa kunivumilia maneno mengi. Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa inukeni, tumtilie dua msafiri wetu.