Mkaa Uliooshwa

Benchi la mafundi lilikuwa uani kwenye kituo cha kusukuma majitaka, likitazamana na chumba cha swichi. Chumbani humo gesi ya majitaka ilikuwa ikila nyaya za shaba mpaka zikawa nyeusi kama masizi, na watu ikiwaachia kikohozi. Kinga yao ilikuwa sanduku la bati lenye feni na punje za mkaa uliotiwa dawa: hewa ipite humo, ubaya ubaki mkaani. Mkaa ulishachoka, na mpya haukuletwa. Basi wakaumwaga, wakauosha kwa sabuni, wakauanika juani, na asubuhi hiyo wakaurudisha. Waya, fundi umeme, akamwambia mkewe, mhudumu wa swichi za chumba hicho, arudi kazini. Sasa mke yumo ndani, na Waya yuko benchini, kahawa hajaigusa.

— Kunywa, Waya, alisema Spana, fundi wa pampu. Shemeji yuko salama. Mficha uchi hazai! Mkaa tumeuvua nguo, tumeuogesha, umezaliwa upya.

— Mkaa si mtoto, Spana. Ile dawa yake je, haikuondoka na sabuni?

— Dawa ikishakolea haitoki. Umewahi kuona shombo ya samaki ikitoka kwenye sufuria?

— Halafu gesi ile ni mvivu, alidakia Redio, mlinzi, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hazimiki. Mchana inalala. Tena inataka shaba tu. Shemeji ana shaba mwilini?

— Ana mapafu, Redio. Juzi alikohoa mpaka akashika ukuta.

— Ndiyo kuzoea huko! Mapafu ya mzoefu ni chujio tosha. Mimi nikienda kwetu, hewa safi inanipa mafua.

— Haba na haba hujaza kibaba, aliongeza Spana.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Waya.

— Kidogo kidogo.

Waya alikizungusha kikombe, akautazama mlango wa chumba cha swichi.

— Lakini kweli harufu imekwisha, alisema, kama anayejibembeleza. Tangu wiki iliyopita sisikii kitu.

— Umeona? alisema Redio. Imesikia tutaosha mkaa, ikahama kabla!

Hapo akatokea mwanamke wasiyemjua, mwajiriwa mpya, aliyekuja kumpokea zamu mke wa Waya. Alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya mtandio, macho yakimchuruzika machozi.

— Hamjambo, kaka zangu? Samahanini. Harufu hii mnaivumiliaje?

Spana alimtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika.

— Harufu gani, dada? aliuliza Waya.

Mgeni alidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka, akanyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha swichi.

Kumbe si harufu iliyokwisha, ni pua zao zilizokufa kwa gesi. Waya aliinuka, kahawa ikammwagikia mapajani asihisi. Alikimbia akimwita mkewe kwa jina la nyumbani, akaita tena mkono ukiwa kwenye kitasa. Ndani iliitika feni peke yake.