Nyamu Kithaka, Fundi wa Kuba la Mawe la Kiambere (1948–2025)

Kamati ya mazishi imeniomba mimi Ciku, bintiye, nisome kwa ufupi na kwa adabu. Ufupi nitajaribu.

Marehemu Nyamu Kithaka alizaliwa Kiambere tarehe 14 Agosti 1948, mtoto wa kwanza wa Mzee Kithaka na Mama Ann. Alisoma hadi darasa la nne, kisha akaacha ili mdogo wake Hezekiah aendelee.

Mwaka 1969 alienda Lamu, akapokelewa na fundi mzee aliyekarabati makaburi ya kale ya kuba. Huko alijifunza kwamba kuba halihitaji nondo wala saruji. Chumba cha mraba hukatwa pembe nne zikawa nane, na nane zikawa duara. Ndani hujazwa udongo uliochongwa mviringo, kisha mawe hupangwa juu yake pete kwa pete, kwa chokaa. Yakishikana, udongo hutolewa kupitia mlangoni. Alifanya kazi hiyo miaka tisa.

Tarehe 9 Desemba 1978 alimuoa Nelius. Alimjengea tangi la maji lenye paa la kuba, na Mama akakataa kuteka maji hapo akihofia litamwangukia. Baba akamwambia, "Panda juu ucheze, Nelius." Mama alipanda na mimi mgongoni, akacheza hadi majirani wakaja kutazama. Tangi hilo tunalitumia mpaka leo.

Alijenga nyumba za watu kutoka hapa hadi Nchiru. Hata kuta za kanisa letu alizijenga yeye, na wazee wanaomkana leo huziegemea kila Jumapili.

Mama alipofariki mwaka 2014, Baba alijenga kuba juu ya kaburi lake kwa miezi kumi na minne, akabakisha nafasi yake mwenyewe kando. Kwa miaka tisa hakuna aliyelalamika. Lakini Januari mwaka huu, Baba alipolazwa Embu kwa ugonjwa wa moyo, wazee wa kanisa walikumbuka ghafla kwamba kuba ni la msikiti na Mkristo hawezi kulala chini yake. Walijua mwenyewe hawezi kusimama kuwajibu. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Alhamisi tarehe 6 Machi walikuja na nyundo, kwa ruhusa ya baba mdogo Hezekiah. Waling'oa jiwe la juu kabisa wakidhani hilo ndilo linaloshikilia mengine, kisha wakakimbia na kungoja yote yaanguke. Juu ya kaburi la mama yangu! Walingoja hadi jioni. Nilipompelekea Baba habari wodini, aliuliza, "Wametoa ile ya juu peke yake?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka hadi nesi akaja. "Hizo pete zinashikana zenyewe. Waambie wakuje na chai, watangoja sana." Kisha akageukia ukutani, akalia. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha watoto watatu: mimi, Riungu na Kinya, wajukuu sita, na Munene, fundi aliyefunzwa kazi na Baba. Amemwacha pia mdogo wake Hezekiah, aliyeketi safu ya mbele na ambaye hajaniangalia tangu nianze kusoma.

Wazee wamesema hawataomba penye kuba. Sawa, sisi pia tunajua kuomba. Kaburi limechimbwa ndani ya kuba, kando ya Mama, na jeneza litaingia saa nane. Munene amechonga jiwe lingine la juu na ataliweka tukimaliza sala. Mwenye neno aje aliseme sasa hivi mbele ya jeneza, kama alivyolisema wakati Baba alikuwa wodini.

Nyamaza kulia, Baba. Ingia kwako upumzike. Leo mlangoni tumesimama sisi.